Shavu la Kushoto

Mzazi aliyemnusa Mwalimu alifanya hivyo kwa ustadi. Alijisogeza kama mtu mwenye siri, akasema kwa sauti ya chini kwamba leo mtoto wake atachelewa kuchukuliwa, jambo ambalo halikuhitaji kunong'onwa, kisha akabaki pale pale na pua yake karibu na mdomo wa Mwalimu akivuta pumzi. Hakupata harufu yoyote ila ya dawa ya meno. Hilo halikumtuliza. Alimshika mwanawe mkono akampeleka darasa la jirani, kwa mwalimu kijana mwenye uso wa rangi moja.

Mwalimu alijua kilichofanyika. Mtu ukinuswa unajua. Pombe hakuwa ameionja hata kwa bahati mbaya, lakini wekundu wa uso wake ulikuwa na umri mkubwa kuliko watoto wote wa chekechea aliowafundisha kushika penseli. Ulianzia mashavuni, ukapanda puani, na siku ya jua au ya hasira ulishuka hadi kidevuni na kuwaka. Rangi yake mwenyewe ilikuwa maji ya kunde, kwa hiyo wekundu huo haukuwa wa kung'aa. Alionekana kama mtu aliyetoka kupuliza moto wa kuni sasa hivi. Vipele vilikuja na kuondoka vilipotaka, na macho yalimwasha. Alikuwa amezoea vyote hivyo. Pua za watu ndizo alizoshindwa kuzizoea.

Kabla ya kengele ya mchana mkuu wa shule akamwita ofisini. Mkuu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na walimu waliuogopa upole huo kuliko kelele.

"Kaa, Mwalimu. Maji utakunywa?"

"Hapana, asante mama."

"Mimi nakuamini. Usije ukafikiri sikuamini. Lakini wazazi nao wana macho." Aligeuka kuutazama ukuta, mahali zilipotundikwa picha za chekechea, moja kwa kila mwaka, Mwalimu akiwa katikati ya watoto. "Hebu tazama mwenyewe. Hapa uso safi. Hapa safi. Mwaka jana tu, hapa, safi kama yai lililomenywa. Mzazi anaingia humu anaona picha, anatoka nje anakuona wewe. Mimi nimwambie nini? Si atasema kuna kitu umeanza?"

"Hizo picha alipiga mume wangu. Ana taa zake. Zina huruma taa zile."

"Basi azilete darasani," mkuu akasema, akacheka peke yake.

Alipomaliza kucheka alisema lililokuwa limemfanya amwite. Muhula ujao ukifunguliwa na uso uko hivi hivi, Mwalimu atahamia stoo, kugawa vitabu na kalamu za rangi, huko nyuma wasikofika wazazi. Hafukuzwi. Anapumzishwa. Mwalimu aliitikia vizuri, akashukuru hata, na alipofika darasani akasahau wimbo aliokuwa akiwafundisha watoto ulikuwa umefikia wapi.

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na kile cha mbele, kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa studio. Mume wake alikuwa mpiga picha, tena mpiga picha mwenye jina. Watu waliacha studio za karibu na kwao wakaja kwake kwa sababu alijua kusafisha. Chunusi za bibi harusi ziliondoka, kovu la bwana harusi likaondoka, na shangazi wa bibi harusi akapunguzwa kidevu kimoja bila kuomba. "Hapa kwangu," alipenda kuwaambia wateja, "picha haitoki bila kuoga." Kompyuta yake ilikuwa kuukuu na haikubeba mizigo miwili, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kufuta picha mbichi mara iliyosafishwa inapotoka. Picha mbichi, kwake yeye, ilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Ukimaliza unamwaga.

Mwalimu hakukubali kupigwa picha mahali pengine popote. Simu alizikimbia. Katika simu ya binti yao, Kitinda, kulikuwa na mama wa viwiko na visogo tu: mama akijifunika kwa mtandio, mama akigeuka, mkono wa mama ukija kuziba kioo. Kwenye harusi za watu alisimama nyuma ya warefu. Lakini studio ya mumewe aliiingia kwa hiari yake, akakaa kwenye kile kigoda, na picha ikitoka aliitazama muda mrefu. Mara moja tu, siku za mwanzo za ndoa, alimwuliza kama na yeye huwa anaogeshwa kama wateja. Mume akajibu bila kusita, "Wengine nawasafisha. Wewe sikugusi. Wewe ni taa tu." Jibu hilo alilishika, akawa analirudia mbele ya watu kwa maringo kidogo.

Jioni ile alipowaeleza habari za stoo, mume alitukana. Kitinda, ambaye alikuwa muuzaji katika duka la dawa na kwa sababu hiyo alichukuliwa nyumbani kama nusu daktari, aliweka kijiko chini.

"Mama, hospitali kuu wana mashine ya leza. Wameazimwa, haikai. Wanachagua wagonjwa wa wekundu wa uso, wanawatibu bure."

"Ya nini hiyo?" baba yake akauliza.

"Ni mwanga, baba. Mwanga mkali wa aina moja unaingia ndani ya ngozi bila kuichana. Vile vijishipa vya damu vilivyotanuka, si ndivyo vinavyofanya uso uwe mwekundu? Vinaunguzwa, vinajifunga. Anafanyiwa mara kadhaa, kwa kupumzishwa katikati. Ugonjwa wenyewe hautoki moja kwa moja, ila uso unapoa. Kuna watu wanakaa miaka na nafuu."

"Unauma?" Mwalimu akauliza.

"Wanasema kama kupigwa na mpira wa nywele."

"Mimi napigwa na pua za watu, mwanangu. Mpira wa nywele nitaupokea."

Walicheka wote watatu. Kitinda akaendelea kwamba kuna kamati, na kamati inataka picha za uso za miaka ya nyuma. Watu wengi wameharibu nyuso kwa krimu za kujichubua, na wekundu wao ni mwingine. Ngozi ya namna hiyo ukiipiga leza inaweza kubaki na mabaka maisha. Kwa hiyo wanataka kuona kwamba wekundu ni wa zamani, umekuwepo tangu hapo, haukuja juzi.

"Picha?" Mwalimu alishangilia kabisa. "Mimi nimeolewa na picha. Ila Baba Kitinda, usichague zile ambazo taa zilinionea huruma sana. Tafuta zile ambazo taa ilikuwa mbovu."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Chakula kilikuwa bado cha moto, binti yao yupo, mkewe anacheka, na neno lenyewe lilikuwa dogo tu. Mume alilisikia likija mpaka kwenye ulimi. Akalimeza pamoja na tonge.

"Zipo tele," alisema. "Nitazitafuta."

*

Siku iliyofuata, mkewe alipokwenda shuleni, aligeuza kibao cha mlangoni kionyeshe kwamba studio imefungwa, akaanza kutafuta. Alifungua kila mahali palipofunguka. Aliitoa kompyuta ya zamani chini ya meza, ile iliyokuwa ikilaliwa na paka, akaiwasha ikakohoa ikazimika. Alitafuta katika makasha ya karatasi. Mkewe alikuwepo kila mahali, akiwa mchumba, akiwa na mimba, akiwa amembeba Kitinda, na kila mahali uso wake ulikuwa mtulivu na laini, hauna hata doa. Ilikuwa kazi nzuri. Hata siku ile, na hofu yote aliyokuwa nayo, hakuweza kujizuia kuona kwamba ilikuwa kazi nzuri.

Wazo lililomjia baada ya hapo ni wazo ambalo mtu wa kazi nyingine asingekuwa nalo. Kama mkono huu ndio uliouondoa wekundu, basi na uurudishe. Haitakuwa uongo. Itakuwa kurudisha mali kwa mwenyewe.

Alichagua picha tano za miaka mbalimbali. Rangi aliichukua kwenye midomo ya bibi harusi wa wiki ile, akaipunguza, akaitia kahawia kidogo, akaanza kuipaka shavuni kwa mkono ule ule mwepesi. Akaipaka, akaifuta, akaipaka tena. Ya kwanza ilipokubali, akainakili kwenye nyingine ili kuokoa muda. Mchana Kitinda alirudi kula akamkuta ameinama mbele ya kompyuta, na kwenye kioo mama yake akiwa mwekundu kwenye picha ambayo Kitinda aliijua tangu utotoni.

Alisimama nyuma yake.

"Baba. Ina maana zote huwa unafuta?"

"Kila mpiga picha anasafisha, mama."

"Si ulimwambia yeye humgusi?"

Akalikuza shavu kwenye kioo.

"Mwambie leo. Akirudi tu. Atakasirika, atanyamaza siku mbili, basi. Halafu twende wote hospitali tuwaeleze."

"Watuelewe vipi? Wataona picha safi, watasema amejichubua. Hata wewe wa duka la dawa ungesema hivyo." Aliendelea kupaka. "Acha apate nafasi kwanza. Akishapona nitamwambia, tutacheka."

Kitinda alikula amesimama akarudi kazini. Alimpenda baba yake na alijua moyo wake ulivyo, na hilo lilimfanya anyamaze. Baadaye alijilaumu sana kwa kimya hicho, ingawa hakuna aliyemlaumu.

Mume alizitoa picha, akazitia kwenye bahasha ngumu, akaifunga kwa gundi. Mkewe alipoomba kuziona, alimwambia zitakunjika.

*

Benchi la kliniki ya ngozi lilikuwa limejaa watu wenye mitandio, kofia na miwani ya jua, kila mmoja akitazama sakafu. Mwalimu na mumewe walikaa karibu na dereva wa lori mwenye pua nyekundu iliyovimba. Dereva huyo ndiye pekee aliyekuwa ameketi uso wazi.

"Mimi askari wa barabarani wakinisimamisha," alimwambia Mwalimu bila hata kujitambulisha, "hawaniamkii. Wananiambia puliza. Napuliza. Kifaa kinasema hapana. Wananiambia puliza tena, kifaa kibovu."

"Mimi wazazi wananinusa."

"Wewe afadhali. Mimi mke wangu mwenyewe bado ananusa."

Mwalimu alicheka mpaka akashika kiti. Mumewe alimwangalia. Ilikuwa muda mrefu tangu acheke mbele za watu bila kujifunika mdomo, na aliondoa mtandio wake pale pale akaukunja mapajani. Alikuwa na tumaini. Lilionekana hata namna alivyokaa, mgongo wima, kama mtoto aliyeahidiwa kitu. Mume akaibana bahasha kwapani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliushika uso wa Mwalimu kwa vidole viwili, akaugeuza huku na huku chini ya taa, akauchungulia kwa kioo cha kukuza. Aliuliza macho yanawasha tangu lini, jua linafanya nini, mvuke wa jikoni unafanya nini. Hakuuliza pombe. Mwalimu aliona hilo, akatamani kumshukuru.

"Kwa kutazama, naona ndio wenyewe," daktari alisema. "Shavu la kushoto limeshika zaidi, vijishipa vyake navihesabu kwa macho. Leza ingekufaa. Ila macho yangu hayatoshi, mama. Krimu kali za miaka mingi zinaacha uso unaofanana na huu kabisa. Ndiyo maana tunaomba picha."

Mume aliitoa bahasha. Daktari aliichana, akazipanga picha tano mezani kwa miaka, akavaa miwani. Alitazama ya kwanza. Alitazama ya tatu. Akarudi ya kwanza, akachukua kile kioo cha kukuza ambacho sasa hivi kilikuwa usoni mwa Mwalimu.

"Hizi zimepishana miaka?"

"Ndiyo," mume akasema.

"Wekundu ni ule ule. Ukingo wake ule ule, hapa panapofanana na mkia. Na ndani hauna mshipa hata mmoja." Alisogeza picha mbele. "Halafu uko kulia. Mgonjwa wangu ameumia kushoto."

Mwalimu aliinua picha moja. Humo alikuwa amevaa gauni la kijani, Kitinda mdogo miguuni.

"Hii mimi naijua," alisema polepole. "Iko chumbani kwangu. Huko sina hivi. Huko ni safi."

Daktari alivua miwani. Alizungumza kwa wema, na wema huo ulikuwa mzito kuupokea. "Mama, uliwahi kutumia krimu? Niambie tu. Hapa hatumgombezi mtu."

"Sijawahi."

"Kwa sababu ukiwa na picha safi nyumbani, na za kuchorwa mkononi, mtu atafikiri uso ulikuwa mzima mpaka—"

"Sijawahi, daktari. Namwapia Mungu."

"Ni mimi," mume akasema.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa ameketi na mikono katikati ya magoti, mikono iliyosifiwa na maharusi wote wa eneo lile.

"Mimi ndiye niliyezichora. Zamani nilifuta. Sasa nimerudisha."

"Ulifuta nini?" mkewe akauliza.

"Wekundu."

"Kwenye hii?"

"Kwenye zote. Tangu uchumba."

Nje dereva wa lori alisikika akimsimulia mtu mwingine habari za kupuliza.

"Ulisema ni taa," Mwalimu akasema.

"Nilisema."

"Na kwa nini umeweka kulia?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, kwa sababu alikuwa hajajiuliza mwenyewe mpaka daktari aliposema. Alilitafuta jibu pale pale mbele yao. "Nilikuwa nakukalisha la kushoto likiwa upande wa giza. Lisionekane. Kwenye kompyuta nilikuwa nashughulika na la kulia tu. Nimekumbuka lile nililokuwa nalifanyia kazi."

Mwalimu aliirudisha picha mezani, akaisawazisha na zile nyingine.

"Kitandani," alisema, "la kushoto ndilo linalokuwa upande wako."

Daktari alisubiri, kisha akafanya aliloweza kufanya, nalo halikuwa kubwa. Alisema anamwamini Mwalimu. Alisema pia kwamba kamati haikai na imani yake. Inakaa na picha, na hizi hawezi kuzipeleka kwa wenzake, wala hawezi kuzificha na kusema hakuna. Waombaji ni wengi na mashine inaondoka. Huenda ikarudi mwaka ujao, huenda isirudi. Ikiwa Mwalimu atataka kujaribu tena, apigwe picha kila mwezi kuanzia sasa, mchana, karibu na dirisha, pande zote mbili. Alimpa dawa ya kupaka na maelekezo ya kukwepa jua.

"Na zisiguswe," daktari akaongeza, bila kumtazama mume.

*

Walirudi kwa miguu. Mume alifungua mwavuli akaushika juu ya mkewe, na mkewe hakuukataa wala hakusogea karibu, kwa hiyo yeye alitembea juani na mkono ameunyosha.

"Nilitaka kukupunguzia," alisema walipokuwa wamekwisha kuvuka barabara kubwa. "Ulikuwa unalia ukiona picha. Ile ya kwanza kabisa, unaikumbuka? Ulilia. Nikasema picha kama hii msichana huyu hataiona tena."

"Ningelia mara mbili tatu nikazoea."

"Nilikuwa nakupenda."

"Najua." Alisema hivyo bila ugomvi, na kweli alijua. "Baba Kitinda, mimi nilikuwa naingia studio yako kupumzika. Najisemea, kuna mahali pamoja uso wangu unatulia, na kuna mtu mmoja anayeniona hivyo nilivyo kwenye picha. Wengine wote waone wanachoona. Kumbe na wewe ulikuwa unaona wanachoona wao."

"Sikuwa naona vibaya."

"Basi ulikuwa unafuta nini?"

Angeweza kumwambia kwamba kila uso uliopita mbele yake aliuona kama kazi, na kwamba wa kwake aliufanyia kazi kwa upendo kuliko nyuso zote. Lakini hata yeye aliyasikia maneno hayo yalivyo, akayaacha. Mwavuli ulipotaka kuangukia upande mmoja aliunyosha.

Kesho yake, bila kumwambia mtu, alivaa koti akaenda kwa mkuu wa shule. Alisimama chini ya picha za ukutani akaeleza yote: kwamba kila mwaka alimsafisha mkewe, kwamba hakuna kilichoanza juzi, kwamba mwanamke yule hajui hata ladha ya pombe. Mkuu alimsikiliza kwa makini, akammiminia maji kwenye glasi.

"Kwa hiyo amekuwa hivi siku zote," alisema.

"Siku zote, mama. Hana kosa."

"Na mimi miaka yote hiyo nimemweka mbele ya wazazi, nikidhani macho yangu ndiyo mabovu." Alitikisa kichwa. "Umefanya vizuri kuniambia. Nilikuwa najiona mkatili kumhamisha."

Muhula ulipofunguliwa Mwalimu alipewa funguo za stoo. Watoto walitumwa kwake mmoja mmoja kuchukua kalamu za rangi, na wengine walikataa kuondoka wakataka wimbo. Aliwaimbia kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa nusu, kisha akawarudisha darasani kwa mwalimu kijana.

*

Mwezi wa kwanza wa picha ulipofika, Kitinda alifungua dirisha la studio, akakisogeza kigoda penye mwanga. Baba yake alikuwa ameshaondoa taa zote. Alikuwa ameifuta kamera na kukaa nayo mapajani tangu asubuhi.

Mwalimu alisimama mlangoni akakitazama kigoda.

"Mama, kaa," Kitinda akasema. "Baba hatagusa kitu. Mimi nitasimama hapa hapa."

"Najua hatagusa kwa kutaka. Lakini mkono wake umezoea, na jicho lake nalo limezoea. Atanigeuza kidogo tu bila kujua." Akachukua mkoba wake. "Nakwenda pale nyuma, kwa yule wa picha za pasipoti."

Hakusema kwa ubaya, na hilo lilimwumiza mumewe zaidi. Aliomba kumsindikiza. Mkewe akafikiri, akasema sawa.

Duka la yule mpiga picha lilikuwa uchochoro wenye paa, dirisha moja, kiti cha plastiki na pazia. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye ndala, na hakusifika kwa kusafisha wala kuogesha picha. Watu walikwenda kwake kwa sababu alikuwa na haraka. Mwalimu alimpa mumewe mkoba, akaingia ndani ya pazia. Mume akabaki nje ameushika kwa mikono miwili, pamoja na mteja mmoja aliyekuwa akingoja zamu.

"Nikae vipi?" alimsikia akiuliza.

"Kaa unavyokaa, mama."

"Nataka na pande zote mbili. La kushoto lionekane vizuri."

"Halina neno. Geuka dirishani. Hapo hapo."

Mlio wa kamera ulisikika, ukasikika tena. Kisha vidole vikagonga kitu, na kiti kingine kikalia mtu mnene alipokikalia.

"Mama, kabla sijaitoa," alisema yule mtu, kwa sauti ya mtu anayewauliza wateja wote. "Nikusafishe kidogo hapa usoni, au nikuache ulivyo?"

Nje ya pazia mume alifumba macho. Miaka yote aliyoishi na mwanamke yule, na picha zote zile, swali hilo hakuwahi kumwuliza, na huyu wa ndala amemwuliza kabla hata ya kujua jina lake.

Kiti cha plastiki kilisogea kidogo.

"Niache nilivyo."

"Haya," yule mtu akasema, na mashine ikaanza kunguruma.

Alitoka akiwa ameishika bahasha ndogo. Alichukua mkoba wake, akaitia ndani, akaufunga.

"Naweza kuiona?" mume akauliza.

Alimtazama. Jua lilikuwa limempiga usoni na wekundu ulikuwa umeanza kupanda, kushoto zaidi kuliko kulia, wenye vijishipa vyembamba vingi karibu na pua, na yeye akauona.

"Utaiona siku ya daktari," alisema, akatangulia kwenda nyumbani.